Cherehani Kinashona, Cherehani Hakishoni

Sajenti alikuwa na mafaili mawili mezani, na mtuhumiwa wa faili la kwanza ndiye aliyekuwa mlalamikaji wa faili la pili. Aliyapanga moja kulia, jingine kushoto, akayabadilisha, kisha akayarudisha yalivyokuwa. Haikusaidia kitu.

Faili la kulia lilifunguliwa na fundi wa kutengeneza vyerehani vya zamani, mzee ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Nati. Alikuwa akiuza mashine zake kwenye tovuti moja ya minada, na alidai kuna genge la wanunuzi linalomchezea: wananunua mashine nzima, wanalalamika kuwa mbovu, wanarudishiwa fedha zao. Faili la kushoto lilifunguliwa na mmoja wa wanunuzi haohao, mama anayeshona sare za shule upande wa pili wa mji. Yeye alidai Fundi Nati ni tapeli mzoefu anayeuza vyuma chakavu vilivyopigwa msasa.

"Mmoja wao ni mwongo," alisema Mkuu wa kituo, akiwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. "Nataka jina leo. Ile tovuti inafunga akaunti ya mzee saa kumi alasiri kama dai la huyu mama halijaondolewa. Hili ni la tatu. Wakishamfunga wanatuletea taarifa rasmi ya utapeli, na hapo sina ujanja tena. Namweka ndani."

"Na kama wote wawili ni waongo?"

"Basi niletee majina mawili," alijibu Mkuu, akaenda zake.

Sajenti alichukua daftari lake. Alikuwa na tabia moja iliyowachekesha wenzake tangu chuoni: akimhoji mtu haandiki maneno yake, anaandika mikono yake inafanya nini. Maneno, alikuwa akisema, utayasikia tena mahakamani, na siku hiyo yatakuwa yamepigwa pasi. Alitia kalamu nyuma ya sikio akatoka. Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi.

Fundi Nati alifanyia kazi sebuleni kwake. Makochi yalikuwa yamesukumwa hadi kwenye kona moja, na nafasi yote iliyobaki ilikuwa ya vyerehani: vyeusi, vya kijani, vingine bila magurudumu, kimoja kimefunuliwa tumbo. Chumba kilinuka mafuta ya mashine. Ukutani, mahali ambapo watu wengine huweka picha za harusi, zilibandikwa karatasi zilizochapwa maoni ya wateja. Sajenti alisogea akasoma. Nyota tano, nyota tano, nyota tano. Karatasi moja tu, iliyobandikwa chini kabisa karibu na soketi, ilikuwa na nyota nne: "Mashine nzuri, ila sindano ilitoboa boksi ikanichoma kidole."

"Hiyo usiisome," alisema mzee.

"Kwa nini umeibandika basi?"

"Ili nisisahau." Alimvutia kigoda. "Kaa, Afande binti yangu. Mimi nimechoka, nakuambia ukweli. Miaka mitatu nauza huko. Mtu akilalamika, tovuti inamsikiliza yeye, inamwamini yeye, inamrudishia yeye. Mimi naulizwa mwisho, tena naulizwa na vitufe. Nimewaandikia wasuluhishi wao mara sita. Unajua wananijibu nini? 'Tunasikitika kusikia hayo.' Mara sita! Sikuwaomba wasikitike. Niliwaomba waje waone!"

Mate yalimruka alipofika hapo, akajifuta kwa mkono wa shati. Sajenti alimhurumia, kisha akakumbuka kwamba matapeli aliowahi kuwahurumia wanajaza basi.

"Wanasema mashine zako haziko kama ulivyozieleza."

"Wanasema zinaruka. Mishono inaruka. Mmoja aliyenunua mwezi juzi, inaruka. Wa pili, inaruka. Huyu mama wa sare, inaruka. Wamepeana maneno hao." Aliashiria katoni iliyokaa peke yake juu ya meza. "Ya mnunuzi wa pili imerudi jana. Sijaigusa. Wanasema eti huwa nazitengeneza zikirudi, halafu najifanya zilikuwa nzima. Haya, ifungue wewe mwenyewe."

Hilo lilimpendeza Sajenti. Aliikagua katoni pande zote sita. Mhuri wa kampuni ya kusafirisha ulikuwa mzima. Kwenye karatasi ya kwenda uzito ulikuwa kilo kumi na mbili na gramu mia nne, na kwenye karatasi ya kurudi ulikuwa uleule. Kwa hiyo hakuna msafirishaji aliyechomoa chuma njiani, wala mnunuzi aliyebakiza kipuri kizito. Alikata tepu, akafunua matabaka ya karatasi, akalinganisha namba iliyogongwa kwenye mwili wa mashine na ile iliyokuwa kwenye picha za tangazo. Ilikuwa mashine ileile.

"Sasa ishone," alisema. "Usikaze kitu, usilegeze kitu."

"Sina haja ya kukaza."

Mzee alisogeza kiti, na kalamu ya Sajenti ikaanza kufuata mikono. Anafuta vumbi kwa kitambaa. Anatoa sindano, anaitupa koponi. Anachukua sindano mpya kutoka pakiti yake, anaiweka. Anatunga uzi. Anashusha mguu. Anashona.

Mashine ilinguruma vizuri. Mshono ulitoka umenyooka, na haukuruka hata mara moja. Sajenti aligeuza kitambaa akautazama upande wa chini, akavuta, akavuta tena kwa nguvu. Mshono ulikuwa mzima.

"Kwa nini umebadilisha sindano?"

"Sindano ya mtu siiamini. Huwezi kujua imeshagonga nini. Mashine yoyote ikiingia humu, iwe ya kurudishwa, iwe ya kuokotwa, sindano yake inakwenda koponi kwanza. Ndivyo nilivyofunzwa."

Alimletea na ile iliyorudi mwezi juzi, akairudia kazi kwa utaratibu uleule. Nayo ilishona vizuri. Sajenti alikuna kichwa. Watu wawili walikuwa wamerudisha mashine nzima na kuapa kwamba ni mbovu, na kama walitaka kumwibia mzee, wizi gani huo wa kumrudishia mali yake ikiwa timamu?

Chumba cha nyuma kilikuwa cha mke wa fundi. Huko ndiko mashine zilikofungwa kabla ya kusafirishwa. Mama huyo alikuwa amekaa katikati ya katoni na magazeti ya zamani, tepu mkononi, miwani imeshuka hadi nchani mwa pua.

"Karibu, mwanangu. Utakunywa maji?"

"Nashukuru, mama. Wewe ndiye unayefunga zote?"

"Kufunga tu. Mambo ya mashine ni yake, mimi sijui hata uzi unapita wapi. Mimi nazivisha kama mtoto mchanga, hakuna kinachocheza, hakuna kinachochoma." Alivuta tepu, ikalia, akaikata kwa meno. Kisha alishusha sauti. "Watamfunga kweli?"

"Tovuti itafunga akaunti."

"Sijauliza tovuti."

Sajenti alifunga daftari. Alisema atapita tena, akatoka nje kwa haraka kuliko alivyokusudia.

Aliketi kwenye ngazi za duka lililofungwa akapiga simu. Mnunuzi wa kwanza alikuwa mstaafu aliyetaka kujishonea mapazia. Wa pili alikuwa mtengeneza mikoba katika mji mwingine kabisa. Sajenti aliwatega kila mmoja kwa namna yake. Alimwambia mstaafu kwamba mwenzake ameshakiri.

"Mwenzangu yupi?" aliuliza mstaafu. "Mke wangu? Amekiri nini tena?"

Mtengeneza mikoba naye alikasirika moja kwa moja. Mashine ilikuwa inaruka, alisema. Alijaribu uzi mwembamba, ikaruka. Uzi mnene, ikaruka. Alimwita na shemeji yake, fundi mwenye miaka yake kazini, naye ikamrukia. "Mimi nilitaka mashine, Afande, sikutaka kesi. Hizo fedha kurudi kwenyewe kumechukua wiki tano. Unafikiri nilikuwa nacheza?"

Sajenti alikata simu akabaki anaitazama. Kama lilikuwa genge, lilikuwa genge la watu wasiojuana, waliosema jambo moja kwa hasira za aina tatu tofauti. Na kama mzee ndiye tapeli, alikuwa tapeli wa ajabu, maana hasara yote ilikuwa yake. Alijaribu kumchukia mmoja wao ili kazi iende, akashindwa.

Alifika kwa mshonaji wa sare saa nane na nusu. Chumba kilikuwa kimejaa vitambaa vya bluu hadi karibu na dirisha, na kwenye kamba zilining'inia kola ambazo hazijapata mashati. Mashine yake ya kila siku, ya kisasa, ilikuwa imefunikwa kwa mfuko; ilimfia wiki mbili zilizopita. Ile ya Fundi Nati ilikaa mezani, na mama mwenyewe alisimama mbele yake amejishika kiuno.

"Shule zinafunguliwa Jumatatu," alisema kabla hata ya salamu. "Nina mashati arobaini na sita. Nashona kola kwa mkono. Kwa mkono, Afande, mimi! Na huyo mzee ananiandikia kwamba mimi ni mwizi."

"Nionyeshe."

Sajenti alifungua daftari. Anatunga uzi. Anashusha mguu. Anashona.

Mashine ilinguruma vilevile kama zile za sebuleni, lakini mshono ulitoka una mapengo. Mishono miwili ilikaa, wa tatu ukaruka, mmoja ukakaa, minne ikaruka. Sajenti aliuvuta uzi kwa ncha mbili za vidole na wote ukafumuka ukamjia mkononi. Aliangalia namba kwenye mwili wa mashine. Ilikuwa ileile ya kwenye tangazo.

Alikaa chini bila kukaribishwa. Asubuhi alikuwa ameona kwa macho yake kwamba mzee hasemi uongo. Sasa alikuwa anaona kwa macho yaleyale kwamba mama huyu hasemi uongo, na hakujua ashike lipi aache lipi.

"Na hiki," mshonaji aliendelea, akimrushia kitambaa cheupe chenye ukubwa wa kiganja, "kilikuja chini ya mguu wa mashine. Tazama mshono ulivyonyooka. Danganya toto hiyo! Wameshonea mashine nyingine, wakakichomeka hapo ili tuingie mkenge."

Mshono wa kitambaa ulikuwa mzuri kweli, kama ule wa asubuhi. Saa ya ukutani ilionyesha tisa na dakika tano. Sajenti alirudi kwenye daftari, kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kurudi. Alisoma mikono ya mzee, kisha mikono ya mama. Akasoma tena, kidole kikishuka mstari kwa mstari, na safari hii kilisimama. Mistari ya mzee ilikuwa mingi zaidi. Anatoa sindano. Anaweka sindano. Mama huyu hakufanya hayo.

"Hii sindano iliyomo ni yako?"

"Ilikuja na mashine."

"Ilikuja ikiwa mahali pake?"

"Hapana. Ilikuwa imefungwa kwenye karatasi, imebandikwa pembeni kwa tepu. Nikaiweka mwenyewe."

"Uliiwekaje?"

Mshonaji alimtazama kama mtu aliyeulizwa anavaaje viatu. "Kama sindano zinavyowekwa. Ubapa wa shina lake nyuma, uzi unaingia kwa mbele. Miaka kumi na minane naweka sindano, dada yangu, leo polisi mnataka kunifundisha?"

Sajenti alishapiga namba ya Fundi Nati, akaweka simu kwenye spika.

"Fundi, swali moja. Kwenye hizi mashine zako, ubapa wa sindano unatazama wapi?"

"Kushoto. Hizi ni za zamani, uzi unaingia kwa kulia. Ukiugeuzia nyuma kama za siku hizi, ndoano ya chini haiukuti uzi. Itaruka tu. Lakini hilo halimhusu mnunuzi. Mashine yangu inatoka na sindano yake ndani, na kitambaa cha majaribio chini ya mguu. Mnunuzi anatunga uzi, anashona. Hagusi kitu kingine."

"Inatoka na sindano ndani?"

"Tangu siku ya kwanza! Kwani vipi?"

Mshonaji alisogeza uso karibu na sindano. Sajenti alikuwa anasikiliza kitu kingine. Nyuma ya sauti ya mzee, tangu simu ilipopokelewa, kulikuwa na mlio wa tepu ikivutwa na kukatwa, ikivutwa na kukatwa. Sasa haukusikika tena.

Hakuna kinachocheza, hakuna kinachochoma. Ile karatasi karibu na soketi. Sajenti alihisi uso ukipata moto, maana vyote viwili alivipita asubuhi kama anavyopitwa mtu asiyejulikana njiani. Na sasa kwa kuwa amejua, alitamani asingekuwa na simu kwenye spika.

"Afande? Sindano ilitoka?" Sauti ya mzee ilipanda. "Nani ametoa sindano yangu? Ni hao wasafirishaji! Nilisema mimi! Andika, Afande, andika wasafirishaji!"

"Fundi, ngoja kwanza..."

"Ni mimi," ilisema sauti ya mkewe, kwa mbali.

Mshonaji alivuta stuli akakaa taratibu.

"Yule mtu aliyechomwa kidole," mke wa fundi aliendelea, sasa karibu zaidi. "Hukula siku mbili kwa ajili ya ile nyota. Ukakaa unaitazama hiyo karatasi. Nikasema haitatokea tena. Nikawa naitoa, naifunga vizuri, naibandika wasiipoteze. Nilidhani sindano ni sindano."

"Zimetoka ngapi hivyo?" aliuliza Sajenti.

"Tatu."

Sajenti alitazama saa: dakika ishirini na tano kabla ya saa kumi.

"Mama," alimwambia mshonaji, "geuza hiyo sindano."

Mshonaji alikwisha kuinama. Alilegeza skrubu, akageuza ubapa kushoto, akakaza, akatunga uzi kwa kulia akinung'unika kwamba huo ni ushamba wa mashine. Alichukua kola moja kutoka kwenye kamba. Mashine ilikimbia kutoka ncha hadi ncha bila kuacha pengo. Aliitazama kola ile muda mrefu, kisha akacheka, na kicheko hicho kilikuwa nusu ya kulia.

"Ondoa dai," alisema Sajenti. "Haraka."

Ikaja shida nyingine. Tovuti ilimtaka kwanza achague sababu, na sababu zilikuwa tatu tu: muuzaji alikosea, bidhaa haikufika, mnunuzi alikosea. Mshonaji alizipitia kwa kidole, juu, chini, juu.

"Bidhaa imefika. Nikisema muuzaji alikosea, wanamfunga. Nikisema ni mimi, nimekosea nini? Niliweka sindano kama zinavyowekwa."

"Hakuna mahali pa kuandika maelezo?"

"Hakuna." Alisoma maandishi madogo kwa sauti. "'Ukichagua mnunuzi alikosea, dai litahesabiwa kuwa la uongo, na hutaweza kununua kwa miezi sita.' Afande, huku ndiko ninakonunua vifungo. Vya mwaka mzima! Na hilo neno uongo wataliweka kwa jina langu."

Sajenti alitamani kumwomba, akajizuia. Halikuwa jambo la kuombewa na askari. Kwenye spika, mzee alikuwa anapumua kwa nguvu, na ilikuwa wazi kwamba amesikia yote na kwamba hataomba hata akikatwa shingo. Zilibaki dakika tisa. Kisha zikabaki sita.

"Vifungo viko hata madukani," alisema mshonaji hatimaye, kama anayegombana na mtu. "Huyu mashine zake atauzia wapi?"

Akabonyeza. Simu yake ililia mara moja, akasoma ujumbe huku amekunja uso. "'Tunasikitika kusikia hayo. Akaunti ya muuzaji itaendelea kama kawaida.'"

Simu ya pili ya Sajenti, ile ya kazi, nayo iliita. Ilikuwa ni Mkuu.

"Jina?"

"Hakuna, Mkuu."

"Mafaili mawili, siku nzima, na hakuna hata jina moja?"

"Hakuna aliyesema uongo. Nitaeleza nikifika, kama nitaweza." Alikata kabla hajaulizwa zaidi.

"Huyo mama yupo?" aliuliza Fundi Nati kwenye spika.

"Yupo. Anashona."

"Niwekee simu karibu na mashine."

Sajenti aliiweka juu ya meza. Mshonaji alishona kola ya pili, kisha ya tatu, na mzee alisikiliza.

"Uzi wa juu umekaza mno," alisema. "Mwambie alegeze, nusu mzunguko."

Mshonaji alibetua mdomo, lakini alilegeza. Alishona tena, akageuza kitambaa, akatikisa kichwa kukubali, ingawa mzee asingeweza kumwona. Sajenti alinyoosha mkono kukata simu, akasikia karatasi ikibanduliwa ukutani, polepole, kisha nyayo zikielekea chumba cha nyuma.

"Sogea nikae," ilisema sauti ya mzee, sasa mbali na simu. "Miaka mitatu sijawahi kuja huku nikakuona unavyozifunga. Nionyeshe."